Zuhura inajizungusha kinyumenyume: nani aliigeuza?

#1 Mwanasayari
Wakuu, habari. Naomba tulijadili hili bila jazba.

Ukizitazama sayari kutoka juu ya ncha ya kaskazini ya Jua, zote zinalizunguka Jua kinyume na mishale ya saa, na nyingi zinajizungusha kwenye mhimili upande huohuo. Zuhura imegoma. Inalizunguka Jua kama wenzake, kwa siku 224.7, lakini kwenye mhimili wake inaenda na mishale ya saa, tena kwa uvivu wa ajabu: siku 243 kwa mzunguko mmoja. Jua kule linachomoza magharibi.

Maelezo ninayokutana nayo kila mara ni sentensi moja tu, kwamba iligongwa na kitu kikubwa. Basi, hakuna tarakimu wala ushahidi. Huo mgongano umeacha alama gani inayoonekana leo? Na kama haupo, ni kitu gani kingine chenye ubavu wa kugeuza sayari yenye asilimia 81 ya masi ya Dunia?

#2 Kimondo
Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Obiti
Mtoa mada, alama ya juu ya ardhi haipo na usiitafute. Chombo cha Magellan (1990 hadi 1994) kilipima kwa rada asilimia 98 ya uso wa Zuhura na kukuta kreta zisizofika 1,000. Uchache huo unamaanisha ardhi tunayoiona ina umri wa mamilioni ya miaka kwa mamia tu, wakati mfumo wa Jua una miaka bilioni 4.5 na ushee. Volkano zimefunika kila kitu cha zamani.

Lakini kukosa kovu hakuui hoja. Hatua ya mwisho ya kuunda sayari za mawe ilikuwa ni vijisayari vikubwa kugongana, na Mwezi wetu unaaminika kuzaliwa hivyo. Mwelekeo wa mwisho wa kujizungusha unategemea kipigo kikubwa cha mwisho kilitua wapi na kwa pembe gani. Kikitua pembeni kutoka upande wa kinyume, sayari inapoteza mzunguko wake au unageuka kabisa. Kwa hiyo tusiulize kwa nini Zuhura imegeuka. Tuulize kwa nini nyingine hazikugeuka.

#4 Darubini Kubwa
Obiti, umeruka shimo. Kipigo cha namna hiyo hurusha vifusi angani, vifusi vinakusanyika, unapatikana mwezi. Zuhura haina mwezi hata wa dawa. Vifusi vilikwenda wapi?

#5 Obiti
Hilo lilijibiwa 2006 na Alemi na Stevenson kwa wazo la vipigo viwili. Cha kwanza kinaipa Zuhura mzunguko wa kawaida pamoja na mwezi, na mwezi unasogea nje taratibu kama wetu unavyosogea sentimita 3.8 kwa mwaka. Kipigo cha pili kinageuza sayari. Sasa mwezi unazunguka upande mmoja na sayari inajizungusha upande mwingine. Katika hali hiyo uvimbe ambao mwezi unauinua juu ya sayari unabaki nyuma yake badala ya kuutangulia, unauvuta mwezi kwa nyuma, mwezi unashuka ngazi kwa ngazi hadi unaangukia sayari. Mwezi unatoweka, sayari inabaki imegeuka.

#6 Darubini Kubwa
Kila mkibanwa mnaongeza kipigo kingine. Kesho mtatuletea cha tatu.

#7 Hesabu
Kabla hamjaendelea kupigana, #1 ina kitu cha kuwekwa sawa. Siku 243 ni mzunguko ukipimwa dhidi ya nyota. Mchana na usiku ni habari nyingine. Kanuni ni hii:

Sayari inayozunguka kawaida: 1/S = 1/R − 1/O
Sayari inayozunguka kinyume: 1/S = 1/R + 1/O

S ni muda kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, R ni mzunguko wa mhimili, O ni mwaka wa sayari. Weka za Zuhura: 1/243.02 + 1/224.70 = 0.008565, kwa hiyo S ni siku 116.75 za Dunia. Utaridi: 1/58.65 − 1/87.97, unapata siku 176. Kosa la kawaida ni kuweka alama ya kutoa kwa Zuhura. Ukifanya hivyo utapata karibu siku 3,000 na utadhani kikokotoo kimeharibika.

#8 Kimondo
Kwa hiyo mtu akitembea kwa miguu kwenye ikweta ya Zuhura anaweza kulizuia Jua lisitue? Mzingo ni kilomita 38,025, gawa kwa siku 243, ni kilomita 6.5 kwa saa. Mwendo wa haraka tu.

#9 Hesabu
Kwa 6.5 utakuwa umezizuia nyota, siyo Jua. Kwa Jua unatumia zile siku 116.75, ambazo ni saa 2,802. Unapata kilomita 13.6 kwa saa, hapo lazima ukimbie. Na ukimbie kuelekea mashariki, maana kule Jua linatua mashariki. Ukitaka kutembea, toka kwenye ikweta uende latitudo ya nyuzi 60, mzingo unapungua nusu na mwendo unakuwa 6.8. Viatu tafuta vya kustahimili nyuzijoto 460 na kanieneo mara 92 ya ile tuliyonayo usawa wa bahari.

#10 Bi Falaki
Wakuu, mnahangaika na migongano wakati mshukiwa mkubwa amekaa juu ya sayari yenyewe. Ni angahewa.

Zuhura iko karibu na Jua kiasi kwamba mvuto wa Jua unaufanya mwili wake ufure kidogo, na msuguano wa ndani unapunguza mzunguko mpaka sayari ionyeshe Jua uso mmoja daima. Hiyo peke yake ingeifunga Zuhura kwenye siku 224.7. Lakini haikufungwa, na sababu ni joto. Jua linapasha hewa, hewa inatanuka na kuhama, na masi yake inajikusanya kwenye vilima viwili vinavyopishana na Jua. Hapa Duniani ukiwa na barometa ukanda wa tropiki utaona kanieneo ikipanda mara mbili kwa siku, karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kilima cha asubuhi kipo magharibi ya mstari wa adhuhuri, Jua linakivuta kuelekea mashariki, yaani upande uleule Dunia inakozunguka. Inasukumwa mbele. Kelvin alilieleza hilo tangu 1882. Kwetu nguvu hiyo ni ndogo mbele ya breki ya Mwezi. Zuhura haina Mwezi wa kuipinga, na angahewa yake ina masi karibu mara 90 ya yetu.

Kwa hiyo kuna nguvu mbili. Mwili unavutwa kuelekea kwenye kufungwa, hewa inasukuma kutoka kwenye kufungwa. Pale zinapolingana ndipo sayari inapotulia. Gold na Soter waliliandika hili 1969.

#11 Obiti
Bi Falaki, heshima yako, lakini hiyo inaeleza kwa nini iko *polepole*. Kwa nini iko *kinyume* bado hujasema.

#12 Hesabu
Obiti ana hoja na inapimika. Usawa huo unategemea tofauti kati ya kasi ya mhimili na kasi ya kulizunguka Jua. Zuhura inalizunguka Jua kwa nyuzi 1.60 kwa siku na inajizungusha kwa nyuzi −1.48. Tofauti ni −3.08. Lakini usawa uleule unakubali pia +3.08. Jumlisha na 1.60 unapata nyuzi 4.69 kwa siku, yaani Zuhura inayozunguka kawaida kwa siku 76.8. Hali zote mbili zinasimama. Hewa inakupa milango miwili, haikusukumi kupita mmojawapo.

#13 Bi Falaki
Ndiyo, na hapo ndipo Correia na Laskar walipoingia 2001. Walifuatilia kwa kompyuta Zuhura zilizoanza na kasi na miinamo mbalimbali, wakakuta hali nne za mwisho (ile milango miwili ya Hesabu, kila mmoja mhimili ukiwa wima au umepinduka), na sehemu kubwa ya mianzo inaishia kwenye mzunguko wa kinyume tunaouona. Hakuna kipigo kilichohitajika. Kuna njia mbili za kufika. Ya kwanza: mhimili unayumbishwa na mivuto ya sayari nyingine kwa fujo, unainama kupita nyuzi 90 mpaka sayari inasimama kichwa chini. Ya pili: mhimili unabaki wima, mzunguko unapungua mpaka sifuri, halafu hewa inauanzisha upya upande wa pili.

#14 Fundi Nyanya
Samahani, hapo sijaelewa. Kupinduka kichwa chini na kugeuza mzunguko ni vitu viwili tofauti au kimoja? Kitabu kimoja kinasema mwinamo wa Zuhura ni nyuzi 177, kingine kinasema 3.

#15 Darubini Kubwa
Fundi, ni hali moja inayoandikwa kwa namna mbili. Ukisema ncha ya kaskazini ni ile iliyo upande wa kaskazini wa mfumo wa Jua, mwinamo ni nyuzi 2.6 na mzunguko unaandikwa kwa alama ya kutoa. Ukisema kaskazini ni ile ambayo ukisimama juu yake unaona sayari ikizunguka kinyume na mishale ya saa, mwinamo unakuwa 177.4 na alama ya kutoa inaondoka. Sayari ni ileile. Kosa ni kuchanganya: mwinamo 177.4 pamoja na alama ya kutoa, hapo umeigeuza mara mbili na imerudi kuwa ya kawaida.

Na hili ndilo linaloniudhi kwenye #13. Njia zile mbili zina historia tofauti kabisa lakini zinaishia kwenye hali moja isiyotofautishika. Ukiitazama Zuhura ya leo huwezi kujua ilipita ipi.

#16 Kiini
Mmesahau kilicho ndani. Chukua yai bichi na la kuchemsha, uyazungushe mezani. La kuchemsha linaendelea, bichi linasita kwa sababu ute haufuati ganda. Kiini cha Zuhura, kama kina sehemu ya kuyeyuka, kinafanya hivyo na tabaka la mawe juu yake. Mhimili ukiyumba, mawe yanayumba na kiini kinachelewa, msuguano unakula nguvu. Msuguano huo ndio unaonyoosha mhimili uelekee 0 au 180. Bila huo huwezi kueleza kwa nini tumekuta 177.4, karibu kabisa na wima, badala ya 130 au 150. Kipigo cha nasibu kingekuwa na bahati ya ajabu kulenga hapo.

#17 Obiti
Kipigo kinaweza kuacha 130, na msuguano wako ukamalizia. Hamjanitoa.

#18 Mwangwi
Mbona hamtaji Dunia? Zuhura inapotupita, kila siku 584, inatuonyesha uso uleule. Siku 116.75 mara 5 ni 583.75. Huo hauwezi kuwa mkutano wa bahati. Dunia imeishika.

#19 Hesabu
Karibu, lakini siyo. Ili Dunia iwe imeishika kikamilifu, mzunguko ungepaswa kuwa siku 243.16. Magellan ilipima 243.0185. Vipimo vya rada vya 2006 hadi 2020, vilivyochapishwa 2021, vinatoa wastani wa 243.0226. Pengo la siku 0.14 ni zaidi ya saa 3, wakati vipimo vinatofautiana kwa dakika tu. Na mvuto wa Dunia kwenye mwili wa Zuhura ni mdogo mno kulinganisha na wa Jua.

Uchumba uliopo kweli ni wa obiti: miaka 8 ya Dunia ni karibu miaka 13 ya Zuhura, ndiyo maana kila baada ya miaka 8 inarudi karibu mahali palepale angani, ikichelewa au kuwahi siku mbili hivi. Huo nao siyo kamili.

#20 Mwangwi
Tofauti ya saa 3 katika siku 243 mnaiita pengo? Labda ilishikwa zamani ikachoropoka.

#21 Fundi Nyanya
Swali la mwanafunzi. Mawingu yamefunika sayari nzima. Mzunguko huo mliujuaje?

#22 Mwangwi
Hapo ndipo kwangu, Fundi. Zamani watu walibahatisha. Wapo waliosema saa 23 na ushee, Schiaparelli akasema siku 225. Jibu lilikuja kwa rada mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Goldstein na Carpenter ndio walioonyesha kwamba ni kinyume. Utaratibu wenyewe:

Unatuma wimbi la redio la masafa mamoja safi. Linagonga sayari na kurudi. Ukingo unaokujia unapandisha masafa, ukingo unaokukimbia unayashusha, kwa hiyo mwangwi unarudi umepanuka. Upana huo ni kasi. Kwa wimbi la gigahezi 2.4, Zuhura ikiwa karibu kabisa nasi, upanuzi ni hezi 30 hivi. Mtambo wa kutuma usipotulia, umepoteza kipimo chote.

Upana peke yake hausemi upande. Ujanja uko hapa: fuatilia upana kwa wiki kadhaa kabla na baada ya Zuhura kupita kati yetu na Jua. Wakati huo mstari wa kututazama nao unageuka. Kwa sayari inayozunguka kawaida, upana unakuwa mkubwa zaidi siku ya kupita. Kwa inayozunguka kinyume, unakuwa mdogo kabisa siku hiyo. Ulikuwa mdogo.

#23 Kimondo
Duh. Hezi 30 ndizo zimeleta ubishi huu wote.

#24 Bi Falaki
Na kabla ya rada kulikuwa na dokezo ambalo wengi walilipuuza. 1957 Charles Boyer, mpenda nyota aliyekuwa Brazzaville, alipiga picha za Zuhura kwa mwanga wa urujuanimno na kuona madoa yakirudi kila baada ya siku 4 hivi, yakienda kinyume. Ni mawingu, siyo ardhi. Upepo wa juu unakwenda karibu mita 100 kwa sekunde, unaizunguka sayari mara 60 wakati ardhi inazunguka mara moja.

Hii inarudi kwenye mada. Hewa hiyo na ardhi vinabadilishana mzunguko hadi leo. Vile vipimo vya 2021 vinaonyesha urefu wa mzunguko ukipanda na kushuka hadi dakika 20. Chombo cha Japani, Akatsuki, kilipoingia kwenye obiti Desemba 2015 kilikuta wimbi la urefu wa kilomita 10,000 limesimama juu ya milima ya Aphrodite Terra, halisogei na upepo. Milima inaikamata hewa na hewa inaisukuma milima. Mkitaka mkono unaoweza kuzungusha sayari, ndio huo, unafanya kazi mbele ya macho yetu.

#25 Obiti
Unatikisa dakika 20 kwenda na kurudi. Kutoka hapo mpaka kugeuza sayari nzima ni safari nyingine. Na unadhani hewa nzito ilikuwepo tangu mwanzo. Kama Zuhura iliwahi kuwa na hewa nyepesi, hoja yako inalegea.

#26 Bi Falaki
Hailegei. Kuna hesabu ya 2015 iliyoonyesha kwamba hata hewa ya bari 1, yaani kanieneo kama ya kwetu, inatosha kuizuia sayari isifungwe na nyota yake. Hewa nyepesi inaruhusu mwanga ufike ardhini, na kupashwa kwa chini kuna nguvu kuliko kupashwa kwa mawinguni.

#27 Mwanasayari
Shukrani wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Je, Uranusi imelala nyuzi 97.8, nayo si inahesabiwa kinyume? Sababu ni ileile?

#28 Darubini Kubwa
Hapana, usiziweke kapu moja. Uranusi inajizungusha kwa saa 17 na dakika 14, haikupunguzwa na chochote, na iko mbali mno na Jua kwa hewa yake kusukumwa. Tena miezi yake mikubwa nayo imelala pamoja nayo, inazunguka juu ya ikweta. Kwa Uranusi mimi mwenyewe nakubali kipigo, ila kiwe cha mapema, kabla miezi haijaundwa.

#29 Obiti
Hifadhini #28. Amekubali kipigo.

#30 Kiini
Turudi Zuhura. Kitakachosaidia ni kujua ukubwa na hali ya kiini. Vipimo vya 2021 vimepata kwamba mhimili wake unachora duara moja angani kwa takriban miaka 29,000, na kutokana na hapo wakakadiria mpangilio wa masi ndani, lakini kosa la kipimo bado ni kubwa kiasi kwamba kiini kinaweza kuwa kikubwa au kidogo kwa mamia ya kilomita. Vyombo vya anga VERITAS na EnVision, vinavyotarajiwa miaka ya 2030, vitabana tarakimu hiyo. Kiini kikionekana kigumu chote, msuguano wangu wa yai unapungua nguvu, nami nitakuwa na kazi ya kufanya. Kikiwa cha kimiminika, Obiti ahame.

#31 Obiti
Sihami. Kipigo hakijali kiini.

#32 Fundi Nyanya
Yale madoa ya Boyer, mtu mwenye darubini ya kawaida anaweza kuyapata?

#33 Darubini Kubwa
Anaweza. Tumia darubini ya kioo cha kuakisi, kipenyo sentimita 20 au zaidi. Ya lenzi haifai sana, kioo cha lenzi kinanyonya urujuanimno na kinachobaki hakikai kwenye fokasi. Kamera iwe ya weusi na weupe. Chagua kipindi Zuhura iko mbali na Jua, nyuzi 40 hadi 47, uipige ikiwa juu, kabla haijakaribia upeo. Hata mchana inawezekana, ila simama kwenye kivuli cha ukuta ili darubini isiweze kuelekea Jua hata kwa bahati mbaya.

Kinachowaangusha wengi ni kichujio. Vile vya bei nafuu vya urujuani vinapitisha pia infraredi, kamera inaipokea yote, picha inatoka nyeupe tupu bila doa. Unganisha na kichujio cha kuzuia infraredi. Piga kila siku saa ileile kwa siku 5 mfululizo, linganisha ya kwanza na ya nne na ya tano. Utafute umbo jeusi kama Y iliyolala.

#34 Fundi Nyanya
Na hilo jeusi ni nini hasa?

#35 Bi Falaki
Wapo wanaosema ni misombo ya salfa, wapo wanaosema chuma na klorini, na wapo wanaokataa yote mawili. Fungua uzi mwingine, ndugu yangu, huu Obiti atatufikisha asubuhi.